Maji Niliyomnyima Simsim

Mukuju, Jumapili alasiri

Athieno,

Umeondoka sasa hivi kwenda Masaba kumuaga mama mdogo, na ninavyomjua hatakupa njia mpaka kuku aive na mfupa wa mwisho ubaki sahanini. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nimekaa mezani karibu na dirisha. Mbwa wako Simsim amelala juu ya mguu wangu wa kushoto, ule wenye baridi yabisi, na mbele yangu ukutani iko ile karatasi uliyoibandika asubuhi.

Nimeisoma mara tatu. "Baba: maji ndani ya chakula, kila mlo. Mabakuli matatu, moja uani. Atoke nje mara tano kwa siku, hata mvua ikinyesha. Karanga hapana. Mboga ya dodo hapana. Mwezi ujao mkojo wake upelekwe kwa daktari." Hayo maneno ya mvua umeyapigia mistari miwili. Nimefundisha kemia miaka thelathini na mmoja, nimebandika matangazo mangapi kwenye mbao za shule, na leo nimebandikiwa tangazo na binti niliyemfundisha kushika kalamu. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Mimi sitakuandikia maagizo. Utakula nini huko Eldoret, utaamka saa ngapi, utavaa nini siku ya kwanza katika hiyo maabara ya maziwa, hayo unayajua kunishinda. Ninachotaka ni kukujibu. Jana uliniuliza, "Baba, nikuachie Simsim?" nami nikaanza kutafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni pangu. Uliiona, na kwa heshima ukaenda kukunja nguo zako. Jibu langu si ndiyo wala hapana. Kuna jambo hulijui, na huwezi kuniachia mbwa huyu, wala kumchukua, kabla hujalijua.

Nianzie mbali kidogo, uniwie radhi. Unajua siwezi kueleza kitu bila kuanzia kwenye mzizi.

Unalikumbuka birika la mama yako? Lile la bati, lenye mkono uliofungwa kwa kitambaa. Mama yako alitoka Lumino na Kisamia chake, mimi nikatoka hapa na Kidhopadhola changu, tukakutana Busia tukiwa walimu vijana, na Kiswahili kikawa mlango ambao kila mmoja wetu aliupitia kwenda kwa mwenzake. Ndiyo maana hata wewe ulilia kwa Kiswahili ulipoanguka. Basi alipohamia hapa, kitu cha kwanza kilichomshangaza ni ule ukoko mweupe ndani ya birika. Kwao hakuuzoea. Kila Jumamosi aliukwangua kwa kisu, na vipande vikielea ndani ya chai alisema, "Haya, Tororo imekuja kunywa chai na sisi." Ulikuwa na miaka minne ukaanza kuchungulia kikombe chako na kuuliza, "Mama, leo Tororo imekuja?"

Nililichukua birika lile darasani kila mwaka. Ulikuwa unanibebea, unatembea mbele yangu kama unabeba sadaka. Niliwaambia wanafunzi: maji yetu yanapita kwenye mawe ya chokaa, yanayayeyusha kidogo, yanayabeba bila kuonekana, na tukiyachemsha yanayaacha hapa. Niligonga birika kwa chaki, ko, ko, ko. Watu wazima wananisimamisha sokoni hadi leo: "Mwalimu, birika liko?" Hilo lilikuwa somo langu bora kuliko yote. Na ndilo lililokaribia kumuua mbwa wako.

Simsim alikuja mwaka ule wa pili baada ya kumzika mama yako. Ulimleta kwenye mfuko wa sweta kutoka kwa rafiki yako wa chuoni, ukasema, "Baba, ni mdogo kama punje ya simsim, hatakula sana." Nilikataa. Mbwa hukaa nje, analinda, analala kwenye majivu. Hivyo ndivyo nilivyokua. Huyu angelinda nini? Kunguru angembeba. Lakini wewe ulikuwa chuoni Jumatatu hadi Ijumaa, na nyumba ilikuwa imenyamaza sana, na kufikia wiki ya tatu nilikuwa nikimsomea gazeti.

Ugonjwa wa kwanza unaukumbuka. Alichuchumaa uani, akatoa matone mawili, akasogea hatua tatu, akachuchumaa tena. Nilidhani anaweka mipaka yake kama dume yeyote. Nikaanza kumfuata nikihesabu, na Mama Apio jirani akaniona kupitia ua. "Mwalimu! Mbwa nakojoa, wewe nahesabu! Sasa wewe mwenyewe, nani nakuhesabia?" Alicheka mpaka akashika mti. Siku ya nne tone likawa jekundu, na Mama Apio mwenyewe ndiye aliyesema, bila kucheka, "Hiyo peleka daktari leo. Usingoje kesho."

Daktari wa Busia, yule wa upande wa Kenya mwenye mashine ya eksirei, alimpasua akatoa vijiwe saba. Akaviweka kwenye kichupa akanipa. Aliniambia mambo matatu. Kwamba mkojo una maambukizi, kwa hiyo vidonge vinywewe mpaka vyote viishe, kisha mkojo upimwe tena. Kwamba vijiwe vipelekwe maabara, kwa sababu viko vya aina nyingi, na njia ya kuzuia aina moja si njia ya kuzuia nyingine. Na kwamba mawe ya kibofu yana tabia ya kurudi.

Wewe ulikuwa kwenye mitihani. Niliyasikia peke yangu, na nikayafanyia nilivyoona. Vidonge nilivisimamisha Simsim alipoanza kukimbiza kuku. Nikasema amepona, kwa nini nimchoshe mtoto? Mkojo sikuupeleka. Na vijiwe, Athieno, nilivitazama kwenye mwanga wa dirisha, nikasema jiwe ni jiwe, nikavitupa shimoni pamoja na maganda ya ndizi. Mtu aliyewapa wanafunzi sifuri kwa kuandika "unga mweupe" bila kusema ni unga wa nini. Hatutajua kamwe vilikuwa vya aina gani.

Hayo nilikwambia, ingawa kwa maneno laini kuliko haya. Ninalokuja nalo sasa sikukwambia.

Nilirudi nyumbani siku ile, nikachemsha chai, Tororo ikaja kikombeni, na nikaona kila kitu. Mawe yamo ndani ya maji! Maji yanaingia ndani ya mbwa! Mbwa anapata mawe! Nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi kama kijana aliyepata jibu kabla ya wenzake. Nikaamua dawa yake ni kumpunguzia maji. Asubuhi nilimpa kidogo, mchana kidogo, na ikifika saa kumi jioni niliinua bakuli nikaliweka juu ya kabati.

Lakini nisikudanganye tena kwa kusimulia nusu. Kulikuwa na mkeka.

Unaujua mkeka wa mama yako, ule wa ukindu wenye mistari ya zambarau, aliousuka mwaka aliokuwa anakungoja wewe. Tulikuwa tunautandika sebuleni Alhamisi jumuiya ilipokuja kusali. Simsim aliukojolea mara mbili. Mara ya pili mzee wa kanisa aliweka kiganja hapo alipopiga magoti. Niliona haya, na zaidi ya haya niliona uchungu, kwa sababu harufu ya ukindu ule ndiyo iliyokuwa imebaki. Na mbwa asiyekunywa baada ya saa kumi hakojoi mkekani saa kumi na mbili. Waona jinsi nadharia yangu ilivyokuwa nzuri? Ilimtibu mbwa na kuukausha mkeka kwa wakati mmoja. Nimeishi kwa elimu maisha yangu yote, na sijawahi kuishika nadharia kwa nguvu kama ile iliyonipunguzia kazi ya kufua.

Wewe ulikuja Ijumaa jioni, ukaondoka Jumapili. Uliona bakuli limejaa kwa sababu ukiwapo nililijaza. Sikujiambia kwamba ninaficha. Nilijiambia kwamba sitaki kukuchosha kwa maelezo. Mimi! Ni lini nimewahi kuogopa kumchosha mtu kwa maelezo?

Basi mwaka ukazunguka, na ikaja ile Jumamosi. Alichuchumaa na hakutoka hata tone. Tumbo gumu kama chungwa bichi. Ulimweka kwenye kikapu, ukamfunika kwa kanga, na jirani akatuendesha kwa pikapu yake hadi mpakani. Unamkumbuka askari? "Mzee, kuku hiyo napeleka wapi?" Nikasema si kuku, ni mgonjwa. Akafunua kanga. "Mbwa? Ya kwetu hapa nauma watu, ya kwako nabebwa kama keki ya harusi!" Wenzake wakacheka. Kisha Simsim akainua kichwa akamtazama, hakubweka, hakulia, akamtazama tu, na yule askari akarudisha kanga pole pole kama mtu anayemfunika mtoto. "Pita, mzee. Pita haraka."

Kijiwe kimoja kilikuwa kimeziba njia. Daktari alikisukuma kirudi kibofuni kwa mpira mwembamba, akampasua kwa mara ya pili, na alipotoka na glavu zake alituuliza sote wawili, "Tusidanganyane. Huyu mbwa anakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

Nikasema, "Ya kutosha."

Na wewe, uliyekuwa umesimama nyuma yangu na kanga tupu mikononi, ukasema, "Daktari, mimi ndiye nilikuwa nampa karanga. Kila wikendi. Na dodo iliyobaki sahanini." Sauti yako ilikatika kwenye neno dodo. Daktari akasema vyakula hivyo vinaweza kuchangia kwa baadhi ya mawe, na kwamba tungoje majibu ya maabara. Safari hii vijiwe alivipeleka mwenyewe. Nadhani hakuniamini tena na kichupa. Majibu yalipokuja yakasema ni oksaleti, mawe ambayo hakuna dawa ya kuyayeyusha. Yakishakuwako hutolewa kwa kisu, na yasiporudi ni kwa sababu mtu amekaa macho. Ukalisoma neno oksaleti, ukatafuta ni vyakula gani vinalo, ukakuta karanga, ukakuta dodo, na nikakuona unaifunga simu na kwenda kukaa nyuma ya jiko.

Nilikuona. Nilisimama mlangoni na sikuja.

Miezi minane hujagusa karanga. Hata msibani kwa kina Apio, walipopitisha sahani, uliipitisha kama ina moto. Kila unapompa Simsim chakula unakipekua kwa kidole. Na mimi nimekuacha ubebe, kwa sababu ulibeba vizuri, na kwa sababu mzigo ukishakuwa kichwani kwa mwingine ni rahisi sana kusahau ulikuwa wa nani.

Mwezi mmoja baada ya upasuaji nilimpeleka peke yangu kuangaliwa mshono. Nikamweleza daktari yote: birika, bakuli, saa kumi, mkeka. Nilimchorea hata mchoro wa mawe ya chokaa nyuma ya bahasha. Akanisikiliza mpaka mwisho, ni kijana mvumilivu, kisha akasema, "Mwalimu, birika linaacha mawe kwa sababu linachemka. Kibofu cha mbwa hakijawahi kuchemka."

Niliikunja ile bahasha. Akaendelea kwa upole, kama nilivyokuwa nikifanya mimi na wale wa viti vya nyuma. "Ni mkojo mzito unaoleta mawe. Maji kidogo, mkojo mzito. Halafu anaubana masaa mengi, chumvi zinapata nafasi ya kukaa pamoja. Maji yenu ya Tororo ni sawa. Mpe mengi."

Athieno, unakumbuka zile fuwele tulizokuza dirishani? Ulikuwa darasa la tano. Tulikoroga chumvi kwenye maji ya moto mpaka maji yakashiba, tukaning'iniza uzi, na kila siku maji yalivyopungua fuwele ikakua. Ulitaka kuongeza maji chupa ijae, nami nikakuzuia mkono: "Ukiongeza maji, mawe yatayeyuka." Ni maneno yangu mwenyewe. Niliyajua. Yalikuwa kwenye droo moja ya kichwa changu, na mbwa alikuwa kwenye droo nyingine, na katikati nilikuwa nimeweka mkeka. Kwa mwaka mzima nilikuza fuwele ndani ya kiumbe hai, kwa utaratibu uleule, hata kupunguza maji kidogo kidogo.

Daktari hakusema karanga hazina neno. Alisema ziache, na dodo iache, na nisimpe vidonge vya vitamini kwa kukisia. Lakini aliniambia wazi kwamba kwa alichokisikia, kiganja cha karanga cha Jumamosi ni kitu kidogo mbele ya bakuli lililoinuliwa kila jioni. Kisha akasema, "Binti yako alilia siku ile. Umwambie." Nikasema nitamwambia. Tangu hapo nimekuwa nikimkwepa kila tunapopeleka mkojo. Anauliza, "Umemwambia?" nami namwuliza habari za mvua upande wao.

Sasa nimekwambia.

Sijui kwa nini ni rahisi kwa karatasi. Labda kwa sababu karatasi haina uso wa mama yako, na wewe unao. Yeye angelishusha bakuli lile kutoka kabatini siku ya kwanza, bila nadharia yoyote, kwa sababu alipoona kiumbe ana kiu alimpa maji. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, hakujua oksaleti. Na mkeka angeuanika juani. Ungekauka.

Umesema huko Eldoret chumba chako ni ghorofa ya pili na utakuwa kazini tangu asubuhi hadi jioni. Simsim angebaki amefungiwa, akiubana mkojo akingoja hatua zako kwenye ngazi. Wewe mwenyewe umelifikiria hilo, ndiyo maana ukauliza. Upande huu kuna ua, kuna mzee asiye na kazi anayeamka alfajiri kwa sababu ya mguu, na Mama Apio anayehesabu pamoja nami siku hizi: "Mwalimu, leo imekojoa tano, nimeona!" Mkojo wake tangu ule upasuaji umekuwa mwepesi, na picha ya mwisho ilikuwa safi. Nikisema hayo najitetea, najua. Upande mwingine wa mizani kuna mtu aliyemnyima maji mwaka mzima, akaulizwa, akasema ya kutosha. Daktari amesema wazi kwamba sehemu ile haipendi kupasuliwa mara ya tatu.

Kwa hiyo uamuzi ni wako, na safari hii uufanye ukijua unamwachia nani. Ukimchukua, sitauliza kwa nini, na sitakasirika. Kikapu nimekifuta vumbi, kiko nyuma ya mlango, na kanga iko ndani. Ukimwacha, karatasi yako itabaki ukutani hapo ilipo, na utaniuliza kila siku kwa simu anakunywa kiasi gani, na usikubali kamwe nikikujibu "ya kutosha." Nidai kwa vikombe.

Na jambo moja, si agizo. Mezani pembeni ya barua hii nimeacha karanga, za Mama Apio, kazikaanga leo asubuhi kwa chumvi kidogo unavyozipenda. Ni zako. Simsim hapewi hata moja. Wewe kula zote, huko njiani.

Jua limeanza kuinama kuelekea Tororo na nadhani mama mdogo amekuachia. Simsim ameinuka mguuni pangu. Nasikia kucha zake sakafuni, anakwenda kwenye bakuli la nne. Wewe uliandika matatu, nami nimeongeza hilo, sebuleni, kwa sababu hapo ndipo anapopenda kulala. Liko juu ya mkeka wa mama yako. Anakunywa kwa fujo kama kawaida yake, maji yanaruka kila upande, mistari ya zambarau imelowa.

Namwacha anywe.

Baba yako